Siku Niliyorudisha Yowe

Tulimzika Mzee Wambura Butiama, nyuma ya nyumba ya kaka yake, mchana wa jua kali, na udongo wa kaburi haujakauka watu wa Bugwema waliokuja na lori wakaanza kusimulia habari ya ndege. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye turubai la wanawake, nachambua mchele kwenye sinia, nasikia kila kitu. Mmoja alisema ndege ile ilikuwa na injini mbili na zote zilizima. Mwingine akasema rubani alikuwa Mzungu. "Mzungu wapi, mweusi tii kama mimi," jirani yake akapinga, wakacheka, msiba ukawa mwepesi kidogo. Walimsifu marehemu kwamba ndiye aliyezuia damu ya mtu isimwagike siku ile. Hiyo ni kweli, sikatai. Lakini hakuna aliyemtaja ng'ombe. Shangazi Nyabise alikuwa pembeni yangu anamenya vitunguu, na aliposikia hayo hakuinua kichwa. Nimerudi Kamunyonge, Musoma mjini, ninapokaa nikisubiri majibu ya chuo, na nimeona niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa. Nina miaka kumi na tisa tu, na tayari watu wanausimulia vingine.

Nilikuwa Form Three, nimehamia shule ya kata kule Bugwema, nakaa kwa Shangazi. Sebule yake haikuwa na makochi. Ilikuwa na pamba. Tuliivuna, tukaichambua uchafu, tukailundika humo mpaka ikagusa kenchi, ikisubiri mnunuzi ambaye kila wiki alisemekana yuko njiani. Kwenda chumbani tulipita ubavu ubavu, mgongo ukisugua ukuta. Nyuzi zilipenya chini ya mlango wangu, zikaingia kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye chai. Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lenye mafuta ya mbegu, nakumbuka chumba kile. Shangazi alikataza kibatari, akakataza hata kiberiti ndani ya nyumba. Mwanga ulikuwa tochi ya simu yake ya kitochi. Mgeni alikaa juu ya gunia, na akiinuka kuaga alikuwa na mkia mweupe nyuma, na hatukumwambia. Chakula tulikula nje mlangoni, ugali wa udaga wa muhogo na mtama, mweusi, mgumu, wa kumega kwa nguvu, na visamaki vya furu vilivyokaushwa, au mlenda, au ningu siku ambayo mtu wa baiskeli aliwahi kufika kutoka ziwani kabla samaki hawajalegea. Shangazi aliongea kwa niaba yetu wote wawili. Alikuwa akiuliza swali, ananisubiri kidogo, kisha anajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ambayo alidhani ni yangu.

Mimi nilikuwa siongei. Sio kwamba sikuwa na maneno. Niliyaandika kila jioni, kurasa kwa kurasa, hasa mazungumzo ya watu niliyoyasikia nikiwa nimejibanza. Kuyatoa mdomoni ndiyo ilikuwa kazi. Mwalimu akiita majina asubuhi, nilijibu kwa kuinua mkono, na aliponilazimisha kusema "nipo" midomo ilicheza bila sauti. Ndiyo maana Masatu wa Form Four, ambaye alikuwaga na jina kwa kila mtu, aliniita Vaibresheni. "Huyu amewekwa kimya," aliwaambia wenzake. "Ukimpigia anatetemeka tu." Shule nzima ikalipokea. Nakiri jina lenyewe lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwaka huo watu hawakulala kwa ajili ya ng'ombe. Zizi moja baada ya jingine liliamkia tupu, upande wetu na upande wa Bunda, na nyayo zilipotelea kwenye mawe. Kisha ikaja habari ya droni. Ilisemekana wezi wa siku hizi hawaji kuchungulia kwa miguu. Wanatuma droni mchana, inaangalia ng'ombe na njia za kutokea, halafu wenyewe wanafuata. Nani aliiona? Kila mtu alikuwa na shemeji aliyeiona. Ndipo Mzee Wambura, kamanda wa ulinzi wa jadi, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule yetu, na sisi wanafunzi tukasikiliza madirishani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, anaongea kama anayepigilia misumari. Alikumbusha sheria ya yowe. Anayemwona mwizi apige yowe, awe mtoto, awe mwanamke. Anayelisikia alipokee, alipeleke mbele, na kila mwanaume mwenye miguu akimbie na silaha yake. Mtu akikamatwa asiguswe mpaka aliyepiga yowe asimame aseme alichokiona, yeye mwenyewe, sio kwa kusemewa. "Na likiwa la bure," alisema, "nyumba iliyolipiga inachinja dume, na waliokimbia wanakula hapo hapo. Hatuchinji kwa sababu ya njaa. Tunachinja ili mtu akumbuke." Mama mmoja akauliza, je, kama mtu amekosea tu, hakukusudia? "Waliokimbia watakuwa wamekimbia kwa miguu ya kweli, mama," Mzee Wambura akajibu, na mkutano ukacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Pamba ikishavunwa, miti yake inatakiwa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasibaki kusubiri msimu ujao, na Shangazi hakuwaga mtu wa kungoja bwana shamba amkumbushe. Tulikuwa tumeng'oa karibu shamba lote, tumelundika marundo, upande wa chini ukabaki mtupu. Shangazi alirudi nyumbani kusonga ugali. Mimi nilibaki na moto, na Kanga. Kanga alikuwa dume letu la kulimia, madoadoa meusi na meupe kama kanga wa porini, amefungwa kwenye kisiki pembeni ya shamba. Tulilima kwa kushirikiana na jirani: yeye dume moja, sisi moja, nira moja. Majike yetu yalikuwa chini karibu na kijito. Jua lilikuwa kali mpaka hewa juu ya ardhi ilicheza. Asubuhi yote moshi ulipanda wima. Halafu upepo wa ziwani ukaingia, kama unavyoingiaga mchana, na moshi ukalala kuelekea milimani.

Kivuli kilipita juu ya mikono yangu. Nilidhani tai, maana walikuwepo angani tangu asubuhi wakizunguka. Nikainua kichwa, na kile kitu kilikuwa chini kuliko tai yeyote, cheupe, chembamba, mabawa marefu kupita kiasi, na hakikuunguruma. Hilo ndilo lililonitoa roho. Ndege zinazoshuka Musoma tunazisikia kabla hatujaziona. Hii ilitoa mluzi tu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Ikazunguka juu ya majike. Yakainua mikia, yakatawanyika, mengine yakavuka kijito. Ikageuka, ikaja upande wangu. Sikufikiri. Nilisikia yowe, refu, kali, linapanda na kushuka, nikageuka kumtafuta anayepiga, na hapakuwa na mtu mwingine shambani.

Lilipokelewa kabla halijaisha. Mwanamke wa ng'ambo ya kijito akalichukua, kisha mwingine juu yake, kisha likavuka kilima. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba linaweza kumezwa. Wakati huo kitu kile kiligusa ardhi chini ya shamba, kikaruka juu ya matuta, kikagusa tena, bawa moja likanasa kwenye rundo la miti ya pamba, kikazunguka nusu duara na kusimama ndani ya vumbi lake. Kimya. Halafu kifuniko cha kioo kikafunguka, akatoka mtu. Alikuwa mwanaume mweusi wa umri wa baba yangu, kofia ya kitambaa kichwani, mfuko mkubwa umefungwa mgongoni. Aliniona, akainua mikono yote miwili. Akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu ameumia. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, lakini Kiswahili hakukijua hata salamu.

Shangazi alikuja mbio na mwiko mkononi, ugali umeganda juu yake.

"Nani amepiga?"

Nikajinyooshea kidole.

"Wewe?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jiwe limezaa. "Wewe Mkami? Haya, mwizi yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Alimtazama yule mtu, akaitazama ndege, akamtazama tena. "Huyu ameiba nini? Huyu ameanguka. Muulize ni nani."

Kiingereza nilikuwa sijawahi kukiongea nje ya darasa, na hata darasani nilikuwa nakiandika tu. Nikauliza. Alijibu polepole, akiwa ameinama ili anisikie. Aliitwa Tendai, alitoka Zimbabwe. Yeye na wenzake walikuwa wamekuja kuruka kwa mchezo. Walivutwa juu na ndege nyingine huko upande wa mbugani, wakaachiwa. Hewa ilimwishia hapa kwetu. Alitafuta mahali peupe.

"Haina injini," nikamwambia Shangazi.

"Imedondoka?"

"Haikuwaga nayo."

"Na yeye akapanda hivyo hivyo, mtu mzima?" Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. Kisha akainua mkono tunyamaze. Yowe lilikuwa limefika mbali, na sasa lilikuwa linarudi, sio tena sauti za wanawake. Zilikuwa za wanaume, fupi fupi, za kupeana mwendo. "Wanakuja," akasema. "Nyumbani hatumpeleki. Watasema tumemficha, na mmoja akirusha moto pale, pamba yote kwaheri. Mwambie avue viatu. Avue, akae chini, anyooshe miguu. Mwizi anakimbiaga. Aliyevua viatu, kila mtu anaona hana mpango wa kukimbia."

"Wewe utawaambia?" nikauliza.

"Mimi nimepiga yowe? Aliyepiga ndiye anasema. Mimi sina mdomo hapo, unajua."

Nilijua. Nikamgeukia Tendai nikamwambia akae, avue viatu. Akauliza kwa nini. Nilikosa maneno ya kulainisha, nikamwambia yale niliyokuwa nayo: watu wanakuja, wanadhani wewe ni mwizi wa ng'ombe, na mimi ndiye niliyewaita. Kisha akakaa kwenye matuta, akafungua kamba za viatu, akavipanga pembeni yake vizuri, kama mtu anayeingia kulala. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka nje.

Mimi mpaka leo, watu wakinieleza wanavyoogopa mitihani au usaili, najikuta nawasikiliza kwa sikio moja. Sio dharau. Ni kwamba hofu niliyoijua mimi ilikuwa na miguu, ilikuwa inateremka kilima, na niliiona ikivunja ua wa jirani ili isizunguke. Walifika vijana kwanza, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana wazee ndio wenye kukumbuka sheria. Walikuwa na mapanga, fimbo, pinde, mmoja na bomba la chuma, na mbwa wao. Mbele kabisa alikuwa Masatu, shati limefunguka lote. Alisimama, akahema, akaitazama ndege.

"Hii ndiyo mama yake droni," akasema.

"Kumbe zinaendeshwa na mtu ndani," mwingine akasema.

"Wewe, kabila gani?" wakamuuliza Tendai. "Unatoka wapi? Wenzako wako wapi?" Alijibu kwa Kiingereza, akatabasamu, na lile tabasamu lilimharibia. Angekuwa Mzungu wangesema ni mtalii amepotea, wangeitisha picha. Lakini mtu mweusi aliyekaa kwenye shamba la Bugwema, hajui Kiswahili, hajui Kijita, hajui Kizanaki, ng'ombe wametawanyika mbele yake, huyo alikuwa mtu wa upande wa pili, yeyote yule wa pili. Mmoja akaukanyaga ubavu wa ndege kuona ni kitu gani, ukatoboka. Tendai akaanza kuinuka. Nikamkandamiza bega arudi chini. "Vaibresheni leo amepata bwana wa angani," Masatu akasema, watu wakacheka, na kidogo nikadhani kicheko kitatuokoa. Ndipo redio ndogo kifuani kwa Tendai ikaongea yenyewe. Sauti ya mtu ikamwita, ikakwaruza, ikamwita tena.

"Anawaita wenzake."

"Wako njiani hao."

"Mnyang'anye."

Mtu akaivuta redio kwa nguvu, kamba ikamkaba Tendai shingoni, naye akaishika, na alipoishika, fimbo ikashuka. Ilimpata kati ya sikio na bega. Hakulia. Aliinama tu, akaweka mikono yote miwili chini kwenye udongo, mahali ambapo kila mtu angeiona. Fimbo ya pili ilikuwa imeinuliwa wakati Shangazi alipoingia katikati na mwiko wake. "Sheria inasemaje?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Nani kati yenu amemsikia aliyepiga yowe? Mimi nataka jina lake huyo aliyesikia. Nikamwambie Mzee Wambura kwamba siku hizi kuna kamanda mwingine." Hawakurudi nyuma, lakini ile fimbo ilikaa hewani, mwenye nayo akitafuta namna ya kuishusha bila kuaibika, na katika nafasi hiyo ndogo tukasikia pikipiki.

Mzee Wambura alishuka kwenye bodaboda, mkuki wake mkononi, akanyoosha mgongo. Aliizunguka ndege yote. Aliangalia viatu. Aliangalia miguu iliyonyooshwa, na kidole kile. Watu walizidi kufika, wakasimama duara, nikasikia wanavyohema. "Nani amepiga yowe?" akauliza. Nikasogea. Kicheko kidogo kilipita kwa vijana, maana ni kama wangeambiwa amepiga bubu. Mzee wa makamo aliyekuwa nyuma yangu, mtu wa heshima ambaye sitamtaja, akaniinamia sikioni. "Binti," akasema taratibu, kama anayenisaidia hesabu, "sema ulimwona anaswaga ng'ombe. Si wametawanyika kweli? Hapo hujadanganya sana. Usimchinjie shangazi yako dume kwa ajili ya mtu usiyemjua."

Nilimtazama Shangazi. Nilitaka anipe ishara yoyote, hata kwa jicho, ili baadaye iwe imetoka kwake. Lakini yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama Kanga kwenye kisiki chake, Kanga anatafuna, anafukuza nzi kwa mkia. Mwezi wa kumi na moja, wa kulima, ulikuwa sio mbali. Dume moja haliwezi nira, na sisi tulikuwa na hilo hilo moja. Nilijua kila kitu kilichokuwa kichwani mwake kana kwamba nimekiandika mimi. Watu wakinisifu siku hizi kwamba nilikuwa jasiri, naona aibu, kwa sababu ukweli ni kwamba neno la yule mzee lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nalijaribu. Kilichonizuia hakikuwa ujasiri. Nilishusha macho ili nilitamke bila kumwona mtu, nikakiona kile kidole kilichotoka kwenye soksi. Kilikuwa kinatetemeka peke yake, yeye akiwa ametulia kote kwingine. Nikaona siwezi kukisingizia kidole kile.

"Jina," Mzee Wambura akasema.

Midomo ikacheza.

"Hatusikii."

"Mkami."

"Wa nani?"

"Wa Magesa."

"Hatusikii huku nyuma," mtu akasema, na mwingine, "Mwongezeeni vocha."

"Umeona nini?"

"Nimeona ndege," nikasema. "Inashuka. Nikaogopa." Sauti ilikatika, nikameza, nikaanza tena. "Ng'ombe walikimbia kivuli. Huyu hakumgusa ng'ombe. Hakugusa kitu. Ndege yake haina injini, alikuwa anatafuta pa kutua. Yowe lilikuwa la kwangu na lilikuwa la bure."

Mzee Wambura akasema, "Basi lirudishe." Maana wengine walikuwa bado wanakimbia, kutoka vijiji ambavyo mimi sikuwahi kufika, wana silaha mkononi, na mtu anayekimbia hivyo akikutana na mgeni yeyote njiani, huyo mgeni ana bahati mbaya. Anayelirudisha ni yule aliyelipiga, tena kwa sauti ile ile. Nikaelekea kilimani. Nikavuta pumzi. "Yowe ni langu, Mkami wa Magesa. Mwizi hakuna. Rudini." Haikufika hata kwenye kisiki. Nikarudia, ikafika kwenye kijito. Mara ya tatu kitu kilifunguka tumboni, ikatoka ile sauti ambayo kule mwanzo nilidhani ni ya mtu mwingine, na ng'ambo ya kijito yule mwanamke akaipokea: mwizi hakuna. Juu yake wakapokea. Nikaelekea upande wa ziwa, nikaelekea barabara ya Bunda, na kila upande nikalisikia likiondoka, likididimia, mwizi hakuna, mwizi hakuna, mpaka likawa kama mlio wa nyuki. Nilipogeuka, Shangazi hakuwepo tena kwenye duara. Alikuwa kisikini, anamfungua Kanga kamba mwenyewe.

Wanaume walipika nje, sisi tukasonga ugali mpaka udaga ukaisha. Tendai alikaa sebuleni juu ya gunia, ukuta wa pamba nyuma yake, sikio limevimba, soksi zimejaa nyuzi, na Mzee Wambura akakaa mbele yake na kuniambia nimfasirie. Alikuwa na maswali kama mtoto. Ukiwa juu bila injini unashikiliwa na nini? Tendai akaeleza kwamba hewa ya moto inapanda kutoka kwenye ardhi tupu, mashamba yaliyolimwa, mahali palipoungua, na yeye anaizunguka kama tai wanavyoizunguka. Akiwaona tai anawafuata, wao hawakosei. Leo upepo wa ziwani ulikata joto lote, akaanza kushuka. Aliona moshi wetu umelala, akajua upepo unatoka wapi. Aliona shamba letu, kutoka juu likaonekana laini kama mkeka. Matuta hayaonekani mpaka umeshachelewa. Akasema amewahi kutua kwenye mahindi, kwenye kondoo, na siku moja kwenye uwanja wa mpira, na watoto wakamwomba asogeze ndege ili mechi iendelee. Nilipofasiri hilo watu waliojaza mlango wakacheka, Masatu akiwemo.

"Shamba unalichagua," Tendai akasema. "Mwenye shamba humchagui."

Mzee Wambura akafikiri. "Mwambie na mwenye shamba naye hakumchagua yeye."

Nyama ikaletwa kwenye sinia. Tendai alikula kwa njaa, akaniuliza ni sherehe gani, maana aliona watu wengi wanakula. Nikamwambia. Nilimwambia vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayejibu swali la mtihani: ni faini ya yowe langu, ni dume lililokuwa linatulimia. Akaacha kutafuna. Akalirudisha tonge kwenye sinia, akasema yeye na wenzake watanunua jingine. Nikafasiri. Mzee Wambura akatikisa kichwa. Faini ya yowe hailipwi na mgeni, ikilipwa na mgeni inakuwa biashara, na kesho kila mtu atampigia yowe mwenye gari. Tendai akanawa mikono. Hapo ndipo Shangazi aliposema kutoka mlangoni:

"Mwambie ale. Akiacha, Kanga atakuwa amekufa bure."

Nikamwambia. Alinitazama mimi, akamtazama Shangazi, akala. Machozi yalimtoka na aliendelea kula, na wanaume wakageuza macho kwa adabu, wakaongelea mvua.

Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, wenzake walifika na gari lenye tela refu. Ndege ile inafunguliwa, mabawa yanachomolewa kama ya senene. Walioibeba kuivusha kwenye matuta mpaka barabarani ni wale wale waliokuja kuipasua, na waliimba, mmoja akitunga na wengine wakiitika, kwamba Bugwema wamemvua ndege kwa ndoano ya binti. Masatu alibeba mkia. Alipokuwa anapita karibu yangu akaniambia, "Kumbe unayo sauti. Ulikuwa unaiweka wapi?" Hakuniita jina lile, sio siku ile. Jumatatu aliniita tena kama kawaida.

Shangazi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliacha kuongea kwa niaba yangu. Alikuwa akiuliza, ananisubiri, na nisipojibu anaacha swali likae pale kati yetu na furu, mpaka nilijibu kwa sababu nyumba ile haikuweza kubeba watu wawili wasiosema. Pamba ikachukuliwa, sebule ikawa kubwa na ya mwangwi. Mvua zikaanza. Jirani akaja, amevua kofia, akasema amepata mtu mwenye dume la kuunganisha na lake, atatufikiria wakimaliza kwao, na sote tulijua wakimaliza kwao muda wa kupanda utakuwa umepita. Shangazi akamkaribisha chai. Kesho yake tuliingia shambani na majembe ya mkono, yeye tuta hili, mimi lile, alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule, mpaka viganja vyangu vikawa haviwezi kushika kalamu na kuandika nikaacha kwa wiki kadhaa.

Mara moja tu aliongelea jambo lile, msimu wote. Tulikuwa tumefika mwisho wa shamba, tumeegemea mipini, jasho linatutoka. Alikitazama kisiki, akafuta uso kwa kanga.

"Hata hivyo alikuwa ameshazeeka," akasema.

Kanga alikuwa amelima msimu mmoja tu. Shangazi ndiye aliyemfundisha nira, kwa mkono wake, kwa mtama aliomlisha kiganjani.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kutosha ili asikie, nikaanza tuta jipya.